Gesi ya kupikia kutoka kwenye magugu maji ya Ziwa Victoria: namna ya kuanza na sehemu zinazosumbua

Watu wa kanda ya ziwa wakisikia bayogesi ya magugu maji swali la kwanza huwa ni tenki. Linauzwa bei gani, la ukubwa gani, fundi anapatikana wapi. Wakuu, tenki ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kwenye panga na kwenye mavi ya ng'ombe, na mtambo mwingi wa magugu unaokufa unakufa kwa sababu mwenye nao alirundika majani mazima mazima akidhani yataoza yenyewe huko ndani.

Haya magugu yametokea Amerika ya Kusini huko bonde la Amazon, kwenye ziwa letu yakaonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakishuka na mto Kagera. Miaka ya 90 yalifunga mialo, zile sehemu mitumbwi inapotia nanga, mpaka mitumbwi haitoki, ikabidi waletwe wale mbawakavu wa Neochetina wanaoyatafuna, yakapungua sana mwishoni mwa miaka hiyo alafu baadae yakarudi, na mpaka leo upepo ukigeuka unaamka asubuhi unakuta mwalo wako ni kijani tupu. Upande wa Kenya kule Dunga, Kisumu, watu walishafungiwa mitambo inayolishwa magugu haya haya na wanapikia, kwa iyo hii sio nadharia. Inafanyika. Ila ina masharti yake.

Kabla ya kununua chochote piga hesabu kwanza. Gugu maji bichi ni maji zaidi ya asilimia 90. Yaani ukibeba kilo 100 begani, kilo 90 na kitu ni maji ya ziwani unayatembeza tu, kitu kikavu chenye faida ni kama kilo 6 au 7. Kilo moja ya magugu mabichi ikisagika vizuri inakupa kama lita 10 mpaka 17 za gesi, wakati kilo moja ya mavi mabichi ya ng'ombe inakaribia lita 35. Jiko la kawaida la bayogesi la pleti moja linakula lita 200 mpaka 450 kwa saa kutegemea umelifungua kiasi gani. Sasa jumlisha mwenyewe, kilo 50 za magugu peke yake ni kama masaa mawili ya moto, sio mbaya ila ni kilo 50 za kuvuta, kukata na kubeba KILA SIKU. Ndo maana mi nasema kama unakaa mbali na mwalo, mahali ambapo mpaka ukodi guta kuyaleta, achana nayo, tumia mavi na mabaki ya jikoni. Magugu ni ya mtu ambaye yanamjia mlangoni.

Kuvuna

Ongea na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako, kabla hujaanza, kwanza ni heshima, pili wao ndo wanajua wapi mitumbwi inapita na wapi samaki wanazalia. Usiingie majini na miguu mitupu, usiingie kabisa ikiwezekana. Chini ya yale majani wanakaa konokono wa kichocho, wanajificha nyoka, na sehemu nyingine kiboko au mamba ametulia hapo wala humwoni. Tumia mtumbwi na reki ndefu au ndoano, yavute mpaka ukingoni, vaa gambuti na glovu za mpira. Vuna asubuhi majani yakiwa na nguvu, chagua ya kijani na sio yale yaliyokwishakauka kahawia maana hayo sehemu laini imeshaoza imeisha, imebaki nyuzi tu.

Eneo la kuvunia nalo ni la kuangalia. Gugu maji lina tabia ya kunyonya kila kilichomo majini pamoja na madini mazito, na huku kwetu kuna mitaro inayomwaga maji machafu ya mjini na kuna maeneo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki. Yanayoota mbele ya mtaro wa kiwanda au chini ya mkondo wa machimbo usiyachukue. Gesi haitakudhuru ila yale madini hayapotei, yanabaki kwenye tope linalotoka kwenye mtambo, ambalo utamwagia mchicha. Mengi yanakaa kwenye mizizi, na hiyo ni sababu moja ya kukata mizizi yote na kuiacha. Sababu ya pili ni mchanga. Ile mizizi ni kama ndevu zimejaa tope na mchanga, ukiingiza kwenye mtambo mchanga unakaa chini, mwezi hadi mwezi nafasi inapungua mpaka siku unashangaa tenki la lita elfu linafanya kazi ya lita mia sita. Mizizi iliyokatwa itupe kwenye shimo la mboji mbali na maji. Na tafadhali usiende kupanda magugu kwenye kibwawa chako nyumbani eti upate malighafi karibu, hii kitu inajizidisha mara mbili ndani ya wiki moja au mbili, mvua moja kubwa tu umeshayapeleka kwenye mto wa jirani.

Kukata na kuponda, hapa ndo penyewe

Lile shina la gugu maji lililovimba pale chini, ukilipasua utakuta vijumba vijumba vya hewa. Ndo vinavyolifanya lielee ziwani. Sasa hicho kitu hakibadiliki eti kwa sababu umekiweka kwenye tenki, kitaelea na humo humo, majani yatapanda juu yatashikana yatengeneze gamba gumu, chini ya gamba bakteria hawana chakula na juu ya gamba chakula hakina bakteria, na gesi kidogo inayotengenezwa inashindwa kupita. Mtu anasema mtambo mbovu kumbe amefunga mwenyewe.

Dawa ni mbili. Katakata vipande vya sentimita 1 hadi 2, sio zaidi ya 3, kwa panga juu ya gogo kama huna namna nyingine, ila mashine ya kukatia majani ya ng'ombe inakuokoa sana, mnaweza kuchanga majirani watatu wanne mkanunua moja. Alafu ponda. Kinu cha kawaida kinatosha kwa mtambo mdogo, twanga mpaka vile vijumba vya hewa vipasuke na vitoe maji. Ukimaliza kutwanga weka kidogo kwenye ndoo ya maji, vipande vikizama au vikining'inia katikati safi, vikielea vyote juu rudi kwenye kinu. Hiki kipimo cha ndoo usikiruke.

Wengine wanayaacha yanyauke siku moja au mbili kwanza. Inasaidia, yanakuwa laini na uzito unapungua, ila fanya kivulini na usizidishe, ukiyaacha wiki nzima juani yakawa makavu kabisa yanakuwa mepesi na yanaelea vibaya kuliko mwanzo. Ukipenda loweka yaliyopondwa kwenye pipa na maji ya tope linalotoka kwenye mtambo wenyewe, usiku mmoja au mbili, yanaanza kuoza kabla hayajaingia.

Mtambo gani

Kuna aina tatu ambazo utazikuta. Lile la kujengea chini ya ardhi kwa tofali na saruji lenye kuba, ndo hizo zilizosambazwa sana na CAMARTEC ya Arusha, kile kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini, zinadumu miaka mingi na kwa mavi ya ng'ombe hakuna mpinzani, ila kwa magugu mimi siipendi kwa sababu gamba likishikana huwezi kulifikia, unaangalia tu. Kuna mifuko ya turubai nzito au plastiki, rahisi kufunga, ila hakikisha bomba la kuingizia ni pana na uzungushie uzio, mbuzi mmoja akipanda juu na kwato zake umeingia hasara. Ya tatu ni ya tenki linaloelea, tenki moja limefunikwa kichwa chini ndani ya lingine, gesi ikijaa linapanda ikitumika linashuka. Kwa magugu hii ndo nzuri kwa sababu lile tenki la ndani unaweza kulizungusha kwa mikono kushoto kulia na gamba likavunjika. Ntaeleza hii.

Chukua simtank mbili nyeusi, moja lita 1000 moja lita 750, PIMA UPANA kwanza dukani maana kampuni zinatofautiana, ya ndani iingie na ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu kuzunguka. Nyeusi kwa sababu inavuta joto la jua, hawa bakteria wanapenda nyuzi 30 mpaka 37, na joto la Mwanza au Musoma linatutosha bila mbwembwe, ila usiku wa kipupwe utaona gesi inapungua. Kata juu kwenye zote mbili. Ile kubwa toboa tundu la bomba la kuingizia, nchi 4 ni kiwango cha chini, nchi 6 kwa magugu ni bora, bomba lishuke kwa nje ya tenki na liingie karibu na chini ili chakula kipya kisikae juu juu. Upande wa pili juu toboa tundu la kutokea tope, fungia bomba la kwenda kwenye ndoo au kishimo. Ile ndogo ukiigeuza kichwa chini kitako chake ndo kinakuwa juu, hapo toboa ufunge nipo ya tenki (kile kiungio cha bomba) na koki ya gesi. Ndani yake funga mabomba mawili ya PVC yaliyopishana msalaba, ukizungusha tenki hayo ndo yanavunja gamba. Usisahau hiyo, wengi wanafunga tenki tupu alafu wanazungusha hewa.

Kutoka kwenye koki unavuta mpira wa gesi wenye urefu wa ziada ili usikatike tenki likizunguka. Sehemu ya chini kabisa ya njia weka T yenye koki ya kutolea maji, gesi hii inatoka na mvuke na ule mvuke unageuka maji ndani ya mpira, moto unaanza kuruka ruka unafikiri gesi imeisha. Baada ya hapo weka kipande cha bomba ulichokijaza stilwaya ya kuoshea masufuria, ile inayoshika kutu sio ya stenlesi, inanasa ile hewa ya salfa yenye harufu ya yai viza ambayo inakula jiko na sio nzuri kwa mapafu. Ikibadilika nyeusi badilisha. Viungo vyote paka povu la sabuni uangalie kama panatoa mapovu. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, sijui kwanini inabidi kusema hili ila inabidi.

Kuwasha mtambo

Huu mtambo ni tumbo la ng'ombe tu limewekwa nje ya ng'ombe, kwa iyo bakteria unawatoa huko huko. Anza na mavi mabichi, kama kilo 300 hivi kwa tenki la lita 1000, changanya na maji kiasi hicho hicho, chuja mawe na vijiti. Kwa wasukuma ng'ombe sio tatizo. Kama uko karibu na machinjio omba ndoo moja mbili za yale majani ya tumboni kwa ng'ombe aliyechinjwa, hawa bakteria wamezoea kusaga nyuzi na magugu ni nyuzi, utaona tofauti. Maji yawe ya ziwa au ya mvua, ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza. Sabuni na jiki visiingie humo kabisa.

Alafu subiri. Wiki mbili tatu bila kuweka gugu hata moja. Tenki la ndani litapanda, utafurahi, fungua koki uitoe yote hewani mahali pa wazi pasipo moto, gesi ya mwanzo ni kabonidioksaidi nyingi na imechanganyika na hewa, haiwaki vizuri, na methani, yaani ile gesi yenyewe inayowaka, ikiwa asilimia 5 hadi 15 ndani ya hewa inalipuka. Toa mara moja, mbili, mpaka ukijaribu kwenye jiko inawaka bluu. Jaribio la moto ni kwenye jiko siku zote, sio kwenye mdomo wa tenki.

Moto ukishakaa ndo unaanza kulisha magugu, na hapa uvumilivu unahitajika kwa sababu watu wakiona bluu wanapagawa. Siku za kwanza kilo 2 tu kwa siku pamoja na mavi kilo 4, wiki inayofuata kilo 4 au 5, unapanda taratibu kwa mwezi mzima mpaka ufike kama kilo 12 za magugu, kilo 4 za mavi na lita 4 za maji. Jumla lita 20 kwa siku, yaani kila kinachoingia kinakaa humo siku kama 45, nyuzi zinahitaji muda huo. Angalia nimesema maji lita 4 tu. Ile kanuni ya maji nusu mavi nusu ni ya mavi, gugu maji tayari ni maji, ukiongeza tena unalisha bakteria supu. Hata hizo lita 4 mimi ningetumia maji ya tope lililotoka, unarudisha na bakteria kabisa.

Kwa kipimo hicho unapata gesi kama lita 300 kwa siku, saa moja ya moto wa kawaida. Chai asubuhi na ugali na mboga jioni inawezekana, maharage usijaribu. Tenki la lita 1000 ni la kujifunzia na la familia ndogo, anayetaka kupika kila kitu anahitaji mtambo wa mita za ujazo 5 au 6, na hapo ndo mashine ya kukatia sio anasa tena.

Zungusha tenki kila siku asubuhi na jioni, dakika moja inatosha. Ukiona linakuwa zito kuzunguka gamba limeanza, punguza magugu siku kadhaa na urudi kwenye kupima kwa ndoo.

Jiko

Jiko la gesi ya mtungi halifanyi kazi hivi hivi, tundu la nozeli ni dogo sana na bayogesi inakuja na presha ndogo. Fundi anatoboa lifike kama milimita 2, na unaweka matofali au mifuko ya mchanga juu ya tenki la ndani, kwa kusawazisha lisilale upande, mpaka moto uwe mzuri. Moto wa njano fungua hewa, moto unaoruka kutoka kwenye pleti punguza hewa. Na jiko likishatobolewa lisirudi kwenye mtungi wa LPG milele, kwa tundu hilo ni kuchoma nyumba, liandikie kabisa kwa rangi.

Kuna swali la kila siku, naweza kuijaza kwenye mtungi? Hapana. Methani kwa joto la kawaida haigeuki kimiminika hata uikandamize vipi, sio kama LPG, na anayejaribu kwa kompresa ya gereji anatengeneza bomu. Gesi ya leo pika leo.

Ikigoma

Ukisikia harufu ya uchachu kama pombe ya kienyeji iliyolala, tope linatoka na povu, na moto hauwaki ila tenki linapanda, umelisha kupita kiasi na mtambo umekuwa na asidi. Kipimo cha pH, kile cha uchachu, kikiwa chini ya 6.5 ndo hivyo, inatakiwa icheze kwenye 6.8 mpaka 7.4. Acha kulisha kabisa wiki moja au zaidi, weka maji ya chokaa au ya jivu kidogo kidogo, ongeza ndoo ya mavi mabichi, subiri. Usimwage mtambo wote kwa hasira, mara nyingi unarudi.

Gesi ikipungua bila uchachu angalia vitu kwa mpangilio huu: uvujaji kwenye viungo, maji kwenye mpira, gamba, alafu baridi. Mchanga ndo wa mwisho, huo unataka kufungua na kusafisha, na hapa nasema kwa herufi kubwa USIINGIZE KICHWA WALA MTU NDANI YA MTAMBO, hata wa chini ya ardhi uliokaa wazi siku nzima. Ile hewa ya yai viza ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, mtu anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa naye anaanguka. Safisha kwa ndoo ya kamba na reki ukiwa nje.

Tope linalotoka ni mbolea nzuri, liache likae siku chache wazi, changanya na maji, mwaga kwenye migomba, mahindi, miti. Kama huna uhakika na maji yalikovunwa magugu, mboga za majani ziruke. Usilimwage karibu na kijito wala kwenye mfereji unaorudi ziwani, mbegu za gugu maji zinaweza kukaa kwenye tope miaka mingi zikisubiri, ndo maana pia ni bora kuvuna kabla hayajatoa maua.

Na kuna siku utaamka mwalo mweupe, upepo umeyapeleka Sengerema au Ukerewe huko. Usikimbilie kujaza chochote kwa mkupuo, ongeza mavi polepole, tumia maganda ya ndizi na viazi, pumba kidogo, majani ya mihogo usiweke mengi. Yakirudi unayarudisha nayo hivyo hivyo, kilo 2, kilo 4, taratibu.